Mgeni akishika usukani Tanzania: maswali yenu na majibu yangu

Kila likizo za katikati ya mwaka zikikaribia, maswali ya barabara huwa mengi kuliko ya hoteli. Nimebeba wageni kwa gari kwa miaka ishirini na mbili, kutoka Arusha hadi Tunduma kwenye mpaka wa Zambia, mpaka magoti yakaanza kugombana na klachi. Siku hizi naandika tu. Wiki hii nimechagua matano.

Assalamu alaykum. Nakuja Dar kutoka Muscat na mke na watoto watatu. Nina leseni ya Oman miaka 18, sijawahi kugonga hata paka. Ndugu zangu wa Kariakoo wanasema nisithubutu kuendesha mwenyewe. Wananitisha, au kweli?

Waalaykum salaam. Wanakutisha kidogo, ila hawakudanganyi. Miaka 18 ya Muscat imekuzoesha barabara pana, upande wa kulia, na kamera ambazo kila mtu anaziogopa. Huku tunapita kushoto na usukani uko kulia. Mkono utakaotafuta indiketa utawasha waipa, kwa hiyo wiki ya kwanza utafuta kioo kikavu mara nyingi tu. Hilo ni la kucheka. Lisilochekesha ni kutoka sheli alfajiri, barabara tupu, hakuna gari la kulifuata. Hapo mwili hurudi kulia wenyewe bila kukuuliza. Wageni wengi hawakosei upande kwenye foleni, maana foleni inawabeba. Hukosea barabara ikiwa tupu. Mwambie mkeo kazi yake ni kusema "kushoto" kila mnapotoka mahali, hata kama unamwona anakusumbua.

Siku mbili za kwanza chukua gari na dereva, na ukae kiti cha mbele. Mtazame macho yake, miguu iache. Utaona anavyoangalia nyuso za watu kuliko anavyoangalia taa. Dar tuna sheria ya kitabuni na tuna sheria ya macho, na unatakiwa ujue zote mbili. Mfano ni kuchomekea. Ukikaa njia panda ya Kinondoni ukingoja mtu akuachie nafasi, utalala hapo. Dereva wa Dar husogeza pua ya gari kidogo, akamtazama mwenzake, akasogeza tena. Mwenzake akipunguza, umepewa. Akikaza macho mbele kama hakuoni, hujapewa, rudi kwenye breki. Konda wa daladala akitoa mkono dirishani na kupunga kiganja chini taratibu, anakuomba. Mwachie huyo mmoja. Wa pili usimwachie, maana nyuma yako watu wataanza kupiga honi na watakuwa na haki.

Kutanua ni kitu kingine kabisa. Ni pale mtu anapoikimbia foleni kwa kupita pembeni juu ya vumbi, au upande wa wanaokuja. Utawaona kumi wakifanya hivyo na roho itakusukuma. Usifuate. Wa kumi na moja ndiye humkuta trafiki amesimama mbele, naye ni mgeni kila mara. Vilevile njia ya mabasi ya mwendokasi katikati ya Barabara ya Morogoro: yale mabasi yako humo tangu 2016, na bado kila siku kuna mjanja anaingia. Basi lile ni refu, linakuja kasi, na dereva wake hakutarajii humo.

Taa za barabarani ziheshimu, lakini akiwapo trafiki njia panda, yeye ndiye taa. Kijani ikiwaka naye amenyoosha mkono kukuzuia, simama. Nyekundu ikiwaka naye anakuita, nenda, tena haraka. Na ukiona pikipiki za polisi zinawasukuma watu pembeni, ni msafara wa kiongozi. Kaa kando, zima injini, nunua karanga.

Sasa zebra, kwa sababu hapa ndipo wageni wenye nia njema wanapoponzwa. Niliwahi kukaa pembeni ya mgeni Mjerumani aliyeomba ashike usukani "kidogo tu". Akamwona bibi kwenye zebra, akakanyaga breki zote papo hapo. Daladala ya nyuma ilisimama kwa kudra ya Mungu, bampa kwa bampa. Bibi mwenyewe hakuvuka. Alimpungia mkono apite, uso umejaa huruma. Sheria inasema simama, nami nasema simama, na usiposimama faini inakuhusu. Ila anza kupunguza mapema, gusa breki mara mbili tatu wa nyuma aone taa, tazama kioo, ndipo usimame. Na hata ukishasimama, bodaboda anaweza kukupita kushoto akamkuta yule unayemwachia njia. Kila ukitaka kukata kushoto, kioo peke yake hakitoshi, geuza na shingo.

Ukweli ni kwamba una haki nyingi barabarani, lakini haki haina bampa. Kampuni ikikukabidhi gari, ingiza namba yake kwenye mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) uone kama bima iko hai. Fanya hivyo pia kwenye mfumo wa faini wa polisi, usije ukasimamishwa Chalinze kwa deni la mtu aliyeendesha kabla yako. Leseni ya kimataifa ichukue huko huko Oman kabla ya kusafiri, na uibebe pamoja na ile ya kawaida. Peke yake haikusaidii.

Shikamoo mzee. Natoka Nairobi kwa gari langu. Mwaka jana nilipigwa tochi (kipima mwendo cha trafiki) mara mbili kabla sijafika Arusha mjini, na sikuwa nimekimbia! Kwani nyinyi mnaendesha kwa mguu gani?

Marahaba mwanangu. Kwa mguu wa 50. Kijiji chochote kinachogusa lami kina kibao cha 50, hata kama unachokiona ni duka moja na mbuzi wawili. Kibao hicho kinaendelea kukubana mpaka uone kingine cha kukifuta, chenye mistari ya mshazari. Kosa la Wakenya wengi ni kuanza kukanyaga mafuta nyumba ya mwisho inapopita. Nyumba haifuti kibao. Trafiki mwenye tochi amekaa kati ya nyumba ya mwisho na kibao cha kufuta, kivulini, amevaa nyeupe, na hana haraka.

Faini ni shilingi 30,000 za Tanzania kwa kosa, na hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa simu au benki. Salimia kwanza, shusha kioo chote, zima redio. "Habari za kazi, afande" haijawahi kumharibia mtu siku. Usibishane kuhusu tochi, omba uonyeshwe picha. Pesa usimpe mtu mkononi, subiri namba. Leseni yako ya Kenya inatambulika huku. Usisahau Yellow Card ya COMESA kwa bima, pembetatu mbili za kuakisi, na mtungi wa kuzimia moto ambao haujapitwa na tarehe. Huo mtungi huulizwa kuliko hata leseni.

Jambo papa. Miye ni shofere wa Lubumbashi, kwetu tunatembeza gari ku mukono wa kuume. Nakuja kukamata gari ku port ya Dar na kuirudisha mwenyewe. Rafiki ananiambia makamyoni ya Tanzania yanasemaka na mataa. Yanasema nini?

Kiswahili chake nimekiacha kama kilivyo, kitamu.

Kaka, rafiki yako amekwambia kweli, na swali lako ndilo lililonifanya nichelewe kulala. Njia yako ni zaidi ya kilometa 900 mpaka Tunduma: Chalinze, Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako, Mbeya. Utakuwa umepanga foleni na malori ya nchi sita pamoja na wenzako wa magari ya IT, yaani yanayopita tu kwenda nje ya nchi, vijana ambao wanalipwa kwa safari na wanaendesha kama wanaolipwa kwa safari. Usijiunge na msururu wao.

Lugha ya taa iko hivi. Uko nyuma ya semi-trela, huoni mbele. Akiwasha indiketa ya kushoto, anakwambia mbele ni kweupe, pita. Akiwasha ya kulia, anakwambia kuna kitu, tulia. Tatizo ni kwamba ya kulia inaweza pia kumaanisha anakata kulia, na ya kushoto inaweza kumaanisha anaegesha kununua nyanya. Kwa hiyo taa yake ni ushauri tu. Vuta gari nyuma upate nafasi ya kuona, chungulia mwenyewe, ndipo uamue. Ukishapita, mpigie honi fupi ya asante.

Anayekuja mbele akikupiga fulu, yaani kukumulika taa kali, mara moja au mbili mchana, mara nyingi kuna tochi au kuna ajali. Akikupiga fulu huku amekwisha kuhamia upande wako, hasalimii. Anasema napita mimi, shuka pembeni ya lami. Shuka, kaka. Mabasi ya mikoani hayatanii. Usiku, gari linalokuja na indiketa ya kulia imewaka linakuonyesha ubavu wake unapoishia, usilisogelee. Na hazadi, yaani indiketa zote kwa pamoja, kwenye njia panda huku maana yake ni "naenda moja kwa moja". Si sahihi kisheria, tena ni hatari, maana wa pembeni huona taa upande mmoja tu akadhani unakata. Wewe usifanye, lakini ijue.

Matawi yaliyotupwa barabarani ndiyo pembetatu ya maskini: kuna lori limekufa mbele, pengine baada ya kona. Ukiona majani mabichi juu ya lami, punguza kabla hujajiuliza nani kayaleta.

Ndani ya Mikumi barabara inakatiza hifadhi kwa kilometa kama 50. Twiga na nyati hawana indiketa, na kuna ubao wa faini kwa kila mnyama utakayemgonga, kwa dola. Pita mchana. Baada ya Ruaha Mbuyuni unaanza kupanda Kitonga, kona juu ya kona, lori moja likikata pumzi mlima wote unasimama. Anayetoka Iringa huishuka, wewe utaipanda, lakini zamu yako ya kushuka inakuja Mbeya, mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi. Gia ya kushukia ichague kabla mteremko haujaanza. Gari la otomatiki pia lina gia ndogo, usiiache kwenye D huku mguu ukikaanga breki mpaka zinuke. Ukiona lori nyuma yako linawaka taa zote na honi haikatiki, limeishiwa breki. Toka barabarani hata kama ni kwenye mtaro.

Usiku? Lala. Saa kumi na mbili jioni uwe umeshajua kitanda chako kiko Morogoro au Makambako. Ukifika Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, usukani utakuwa bado uko kulia nawe unahamia mukono wa kuume, na hapo utakuwa umechoka kuliko siku zote. Pumzika upande wa Zambia kwanza.

Nimekulia Minneapolis, wazazi wangu ni wa Tanga. Nikimgonga mtu Tanzania, ni kweli nisisimame?

Sheria inataka usimame, utoe msaada, na utoe taarifa polisi. Simama, dada. Mara nyingi watu watakusaidia kumbeba majeruhi na kukuonyesha hospitali. Hospitali itataka fomu ya polisi iitwayo PF3, kwa hiyo mtu mmoja aende kituoni mara moja. Namba ya dharura ni 112.

Lakini ulichosikia hakikutoka hewani. Umati huwa unapandisha hasira, hasa aliyegongwa akiwa mtoto. Ukiona mawe yameanza kuokotwa, ondoka, na nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu, ujisalimishe na useme umetoka wapi na kwa nini. Usiende hotelini, usiende kwa shangazi. Ukienda kituoni uliripoti. Ukienda kwa shangazi ulikimbia. Kama ni bampa kwa bampa tu, piga picha magari yakiwa yalivyo na umsubiri trafiki. Jirani atakayejitokeza kuwa hakimu mshukuru, ila usisaini karatasi yake.

Nakodi skuta Zanzibar na mume wangu, sisi ni wa Mombasa. Kuna la kuogopa?

Mchanga kwenye kona za Paje, ng'ombe jioni, na kandambili. Vaeni viatu. Ombeni helmeti mbili zinazofunga kidevuni, si zile za mapambo, na mjaribu breki zote mbili kabla hamjalipa. Muulizeni anayewakodisha kuhusu kibali cha muda cha Zanzibar kabla hamjatoka dukani kwake, maana vizuizi vya polisi vya kuelekea pwani ya mashariki ni vingi na askari wote wataulizia hicho. Mkinyeshewa, msimame chini ya kibanda chochote, mtapewa na kahawa.