Usiwashe hiyo injini ya RX-8 kabla hujaifungia rejeta ya oili

Mtoa mada, usiwashe. Nimesoma bandiko lako vizuri mpaka nusu. Injini ya rota ya Mazda RX-8 umeing'oa kwenye gari lililogongwa nyuma, ndege yako ya viti viwili imefika hatua ya kufungwa injini hapo Jinja, unauliza giaboksi ya uwiano gani, propela ya mbao au ya kubadilisha pembe, na kama petroli ya sheli itafaa. Sawa. Halafu katikati ukapitisha kasentensi eti rejeta za oili umeziacha kwenye gari kwa sababu fundi kasema zile ni za mashindano, utafunga ya maji peke yake na wikendi unaiwasha. Ssebo, hiyo sentensi imeninyima usingizi, na ndiyo nitakayoijibu.

Maneno hayo niliambiwa mimi, karibu neno kwa neno, na jamaa mmoja hapa Kampala aliyejitambulisha kwangu kama mtaalamu wa injini za rota. Nikamwamini, na injini yangu ya 13B, nayo ya rota ya Mazda, ikaungulia chini, gurudumu halijaacha hata nyasi.

Kwanza elewa kitu ambacho huyo fundi wako haelewi. Kwenye injini hii maji yanapoza hausingi tu, yaani ule mwili wa nje. Rota yenyewe, ile ya pembe tatu inayozunguka katikati ya moto, haipitiwi na maji hata tone. Kinachoipoza ni oili. Oili inarushwa kutoka kwenye shafti, inaingia tumboni mwa rota, inapigwapigwa mle ndani, inabeba joto na kurudi chini kwenye sampu. Kwa hiyo oili hapa kazi yake si kulainisha tu kama kwenye Corolla ya mjomba wako, ni nusu ya mfumo wa kupoza. Hesabu inayotumiwa na watu wanaorusha injini hizi ni kwamba katika joto lote linalotolewa na maji na oili, karibu theluthi moja linapita kwenye oili. Mazda wenyewe RX-8 ya manual waliifungia rejeta mbili za oili, moja kila pembe ya mbele nyuma ya bampa, na hilo ni gari la kwenda nalo kazini! Sasa wewe unaipeleka angani bila hata moja?

Weka namba. Tuseme unataka farasi 160 kwenye propela, hiyo ni kama kilowati 120. Joto linaloingia kwenye maji na oili kwa pamoja linakaribia kiasi hicho hicho, lingine linatoka na moshi kwenye ekzosi. Theluthi yake ni kilowati 40. Chukua pasi za umeme 40 za kilowati moja moja, ziwashe zote ndani ya lita chache za oili, halafu niambie unategemea zipoe na nini. Na sampu usiniambie, ile bati ya chini haiwezi kutoa joto hilo hata uipigie upepo wa ziwa lote la Nalubaale, yaani Victoria.

Najua utasema gari lilikuwa linatoka Kampala mpaka Gulu bila kuchemka. Mimi pia nilisema. Gari likiwa barabarani kwa mwendo wa kawaida linatumia farasi 20 au 30, ukikanyaga sana kulipita lori unatumia nguvu yote kwa sekunde chache halafu unaachia. Ndege haiachii. Unaondoka na nguvu yote, unapanda kwa dakika kadhaa pua ikiwa juu na mwendo mdogo, yaani joto likiwa kubwa kuliko wakati wowote na upepo ukiwa mdogo kuliko wakati wowote, na hata ukishafika juu bado unatumia robo tatu ya nguvu saa nzima. Na yule aliyekujibu hapo juu kwamba rota ilishinda mbio za magari za Le Mans mwaka 1991 kwa hiyo itavumilia, ni kweli ilishinda, ile Mazda 787B ya rota nne, mimi mwenyewe naipenda kuliko gari lolote lililowahi kutengenezwa, lakini ilikimbia saa 24 kwa sababu waliipoza, haikushinda kwa kuvumilia moto.

Sasa nikwambie yaliyotokea ili uyaone kwa macho. Nilikuwa na geji ya joto la maji na geji ya presha ya oili. Geji ya joto la oili sikuwa nayo, jamaa alisema ni kupoteza hela, maji yakiwa sawa kila kitu kiko sawa. Tukaifunga ndege kamba, tukaelekeza pua kwenye upepo, nikawasha. Ilinguruma vizuri sana, wale mnaojua sauti ya rota mnanielewa. Nikaipandisha raundi taratibu, maji nyuzi 85, 90, yakatulia hapo. Presha ya oili ikaanza kushuka. Nikamwonyesha, akasema kawaida hiyo, oili ikipata moto inakuwa nyepesi. Nikaendelea. Baadaye kidogo mshale wa maji ukaanza kurudi chini wenyewe, 90, 80, 70, na huyu bwana akanipiga begani akasema umeona, imeanza kujipoza yenyewe, ongeza mafuta, yaani nguvu. Nikaongeza.

Mshale ulishuka kwa sababu maji yalishaondoka. Sensa ilikuwa imebaki kwenye mvuke, na sensa iliyokaa kwenye mvuke inasoma chini ya ukweli. Ikumbuke hiyo siku yoyote utakayokaa nyuma ya injini inayopozwa na maji: mshale ukishuka bila wewe kupunguza mafuta, zima. Mimi nilizima nilipoona moshi mweupe unatoka kwenye ekzosi na harufu ile tamutamu ya kulanti imejaa kila mahali.

Tulipoifungua ndiyo nikaona. Ile mipira myembamba ya kuziba maji kati ya hausingi na vyuma vya pembeni, niliigusa kwa ukucha ikakatika vipande, imekauka ngumu kabisa. Hausingi za alumini zilishatanuka na kujipinda, kuna nyufa zinaanzia kwenye tundu la plagi, kromu imebanduka pembeni yake. Halafu angalia hii, mipira midogo iliyo ndani ya ringi za oili kwenye rota, ile inayozuia oili isiingie kwenye chumba cha moto, nayo imekuwa bapa na ngumu, rota zote mbili. Mipira ile haiguswi na maji. Inaguswa na oili. Ndipo nilipojua moto ulianzia wapi: oili ndiyo ilipita kiasi kwanza, rota zikachemka, vyuma vikachemka, maji yakaja kufa mwisho. Geji niliyokuwa naiangalia ilikuwa ya mgonjwa wa mwisho.

Hausingi hizo nilizunguka soko la vipuri la Kisekka zima, kila duka, hakuna. Ikabidi ziagizwe Japani na kwa bei iliyozidi niliyonunulia injini nzima. Huyo bwana simu akaacha kupokea. Nilipokuja kukutana naye akaniambia nilifunga injini vibaya. Alikuwepo! Yeye ndiye aliyesema ongeza mafuta! Watu wa aina hii wanajua kubadilisha sili za ncha za rota na kuwasha gari likatoka gereji, wanadhani wameshaijua rota, halafu wanampa ushauri mtu atakayekaa na hiyo injini futi elfu tano juu ya msitu wa Mabira. Hasira zangu hazijaisha na sitaki ziishe.

Na sisi hapa Uganda tuna tatizo letu ambalo wale wa video za Marekani hawalisemi, kwa sababu wengi wanaruka kutoka sehemu za chini karibu na usawa wa bahari. Entebbe ni futi 3,782. Mchana wa nyuzi 27 hewa ya pale ndege inaihisi kama hewa ya futi 6,100 hivi, nyepesi kwa karibu asilimia 17 kuliko ile ya vitabuni ya usawa wa bahari. Uwanja wa ndege wa Kajjansi ni hivyo hivyo, na Jinja kwako pia. Hewa nyepesi inabeba joto kidogo. Kwa hiyo rejeta aliyofunga mtu wa Florida ikamtosha, kwako itakuwa ndogo, ongeza.

Fanya hivi. Rudi kwenye lile gari uchukue rejeta zote mbili za oili na bomba zake, hata kama mwenye bondi, ile yadi ya magari, atataka hela tena, lipa. Zisafishe ndani mpaka oili safi itoke safi, maana vipande vya chuma vya injini iliyokufa hujificha mle. Bomba la oili lisiwe jembamba, inchi 5/8 kwa ndani ndiyo kawaida, na livishwe soksi ya kuzuia moto. Kwa maji watu wengi wanatumia evapureta za AC ya gari kama rejeta na zinafanya kazi, ila kwa oili tumia rejeta ya oili. Halafu upepo: usiifunge tu chini ya boneti ukidhani hewa itaipitia. Hewa hupita palipo rahisi, ukiacha mwanya wa kidole pembeni ya rejeta itapita hapo na rejeta itabaki inaangaliwa. Jenga njia iliyozibwa kutoka mdomoni mpaka kwenye rejeta, ianze nyembamba itanuke taratibu ili hewa ipunguze mwendo kabla ya kuifikia, na ya kutokea iwe kubwa kuliko ya kuingilia maana hewa ikipata moto inatanuka. Katwe kuna watu wanakunja alumini vizuri sana, wapelekee mfano wa boksi la karatasi watakutolea.

Geji ya joto la oili iwe mbele ya macho yako kabisa, sensa iwe pale oili inapoingia kwenye injini ikitoka kwenye rejeta. Ikikaribia nyuzi 100 punguza, ikigoma kushuka zima. Ya maji iweke pembeni yake. Na kwenye 13B za RX-7 kuna kile kidude cha joto kilicho mbele ya shafti, watu wa ndege wanakitoa wanaweka kizibo kigumu ili rota zipate oili muda wote. Umeona? Kila mahali ni oili.

Giaboksi: ya 2.17 inakupa propela raundi kama 2,765 injini ikiwa 6,000, ya 2.85 inakupa kama 2,630 injini ikiwa 7,500. Lakini kila raundi unayopandisha kutafuta farasi inaleta joto lake, na joto hilo linaishia kwenye oili, kwa hiyo hata hilo swali huwezi kulijibu kabla hujajua rejeta zako zinatoa joto kiasi gani. Funga rejeta kwanza, pima ukiwa chini, ndiyo uje tuongee uwiano.

Wikendi hii usiwashe. Badala yake piga picha mbele ya ndege boneti ikiwa wazi, na nyingine kwa chini, weka hapa tuone rejeta za oili zitakaa wapi na hewa itatokea wapi. Na huyo fundi mwambie aje kwenye huu uzi aeleze mwenyewe rota inapozwa na nini.