Anwani ya IP Haina Jina Lako

Msomaji mmoja ameniandikia kwa hofu kwamba mtu waliyegombana naye mtandaoni amemtumia anwani yake ya IP, yaani namba zinazotambulisha muunganisho wake wa intaneti, na kumwambia kuwa sasa anapajua hadi mlangoni kwake. Nilimjibu siku hiyo hiyo ili apate usingizi, lakini jambo hili linanigusa, kwa kuwa na mimi niliwahi kuhukumiwa kwa namba hizo.

Katika ofisi niliyofanyia kazi zamani, faili fulani lilifutwa, na kumbukumbu za seva, yaani kompyuta iliyohifadhi mafaili, zikaonyesha anwani ya IP ya ofisi yetu. Niliitwa, nikawekewa mezani karatasi yenye mstari mmoja tu: tarehe, saa, namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, na jina la faili. Nilieleza kwamba ruta, kifaa kinachosambaza intaneti ofisini, huipa kila kompyuta ya ndani anwani yake, mara nyingi inayoanza na 192.168, kisha huzitoa zote nje kwa anwani moja, hivyo mstari ule ulimhusu kila aliyeunganishwa pale na haukumtaja yeyote. Hakuna aliyenisikiliza. Barua ya onyo ninayo mpaka leo, radhi sijaombwa.

Mtu baki mwenye anwani yako anaweza kujua nchi uliyopo na kampuni inayokupa intaneti, kwa sababu mgawanyo wa anwani huwekwa wazi na sajili za anwani za IP kama AFRINIC ya Afrika na RIPE NCC ya Ulaya. Mji hukisiwa tu, na makisio hayo yamewaumiza watu. Mwaka 2016 ilibainika kwamba MaxMind, kampuni inayokisia mahali anwani za IP zilipo, ilikuwa imeelekeza zaidi ya anwani milioni 600 za Marekani, ambazo mahali pake hapakujulikana kwa usahihi, kwenye shamba moja jimboni Kansas, na waliokaa hapo walisumbuliwa kwa miaka na polisi pamoja na watu waliokuwa wakiwasaka wezi. Kwenye simu mambo huwa na ukungu zaidi: anwani za IPv4, yaani zile za namba nne, hazizidi bilioni 4.3 duniani kote, kwa hiyo kampuni nyingi za simu huwagawia wateja wengi anwani moja kwa wakati mmoja.

Anayeweza kukuunganisha na anwani hiyo ni kampuni yako ya intaneti, nayo haimpi taarifa hizo kila anayeuliza. Nami huwashangaa wanaolipia VPN, huduma ya kuficha anwani, kisha wakaingia kwenye akaunti zenye majina na picha zao! VPN huificha anwani yako kwa tovuti unayoitembelea, lakini mwenye VPN anaiona.

Ndugu msomaji, yaelekea mgomvi wako aliipata anwani kwa kukutumia kiungo ukakibonyeza, kwa hiyo usifungue kingine kutoka kwake. Kuizima na kuiwasha ruta mara nyingi hukupatia anwani mpya. Ujumbe wa vitisho usiufute. Uhifadhi ukionyesha tarehe, saa na dakika, kwani polisi wakiamua kumtafuta, kampuni yake ya intaneti itahitaji muda huo kamili ili ijue ni nani aliyekuwa akitumia anwani yake mgomvi wakati huo.