Mzee wa mahindi ndiye mkweli

Bagamoyo

Mwanangu,

Asalaam aleykum. Ile sauti uliyonitumia ukiwa kwenye foleni ya Tunduma nimeisikiliza mara mbili, ya pili nikiwa na mkeo. Umesema kule Solwezi, Zambia, ulipokuwa ukingoja kupakia, kijana mmoja wa getini alikwambia mgodi wa shaba wa Kansanshi uligunduliwa na Mzungu mwaka 1899, na mzee anayechoma mahindi pembeni akacheka mpaka akapaliwa. Unaniuliza nimwamini nani. Kwa simu ningekujibu, lakini wewe kwenye simu husikilizi, unaitikia tu "eeh mama, eeh mama". Basi soma.

Mzee ndiye mkweli. Kijana mwaka kaupata, alichokosea ni neno "kugundua". Mwaka 1899 Robert Williams alianzisha kampuni yake, Tanganyika Concessions, akamtuma George Grey, ndiye huyo Mzungu, kaskazini ya Zambezi kutafuta madini. (Tanganyika hapo ni ziwa. Nchi yetu wakati huo ilikuwa mikononi mwa Mjerumani na haijapewa jina hilo.) Grey alipofika Kansanshi alikuta mashimo ya kale, mitaro mirefu iliyofuata mishipa ya madini kilimani, katika nchi ya Wakaonde. Sasa mtu anayekuta shamba limeshalimwa, amegundua nini? Huyo Grey simba alimuua Kenya mwaka 1911, lakini hilo si la leo.

Waliochimbua mabaki ya kale pale wanasema shaba ya Kansanshi imeanza kufanyiwa kazi karne ya 4 au ya 5. Yaani kabla Mtume wetu hajazaliwa, baba yangu.

Unakumbuka sufuria ya halua ya bibi yako, ile nzito inayobebwa na watu wawili? Juzi nimeitoa stoo. Chini imeshika rangi ya kijani, ukikwangua kwa ukucha inatoka unga. Nimeisugua kwa ukwaju na majivu, kile kijani kikaondoka, chini yake ikatokea shaba nyekundu kama ngozi ya mtoto mchanga. Hiyo ndiyo hadithi nzima ya Kansanshi, ila wao walianzia kwenye kijani. Shaba ikikaa na maji na hewa miaka na miaka huwa jiwe la kijani, na jiwe hilo kule lilikuwa karibu na uso wa ardhi. Hata majani yalionyesha njia: kwenye udongo wenye shaba nyingi miti hukataa kumea, na kuna ua dogo la zambarau linalostahimili pale ambapo mengine yanakufa.

Kazi ilikuwa ya kiangazi, mvua zikiwa zimekatika na mitaro haijai maji. Walikata mwamba kwa vyuma vyao wenyewe, wakachambua mawe ya kijani, wakayatia na makaa ndani ya tanuri la udongo wa kichuguu na kuvuvia kwa mivukuto. Moto wa makaa unalinyang'anya jiwe kile kilichoifunga shaba. Shaba ikimiminwa kwenye kalibu inatoka kwa umbo la msalaba. Usidhani ni mambo ya kanisa. Ni umbo la kubebeka na kuhesabika, na misalaba hiyo ilitumika kwenye biashara kama fedha. Mingine ilikutwa Ingombe Ilede, kando ya Zambezi, imezikwa na wenyewe pamoja na shanga zilizotoka huku kwenye Bahari ya Hindi.

Na hapa ndipo mimi huwa nakasirika kidogo. Miaka ile nikitembeza wageni mjini, nilikuwa nawaonyesha walipolala wapagazi, nikiwatajia mizigo ya kwenda bara: merikani, yaani kitambaa cha pamba, ushanga na masango. Masango ni nyaya za shaba. Stanley alipoondoka hapa mwaka 1871 alibeba mizigo ya nyaya. Siku moja mgeni akaniuliza, kwani bara hakukuwa na shaba? Nikanyamaza. Nilikuwa nimehesabu masango kwa miaka bila kujiuliza swali hilo. Bara shaba ilikuwepo tele, ila ya meli ilikuja kwa wingi, tena imeshavutwa kuwa waya, na mfua shaba wa kijijini angeshindana nayo vipi?

Yaliyofuata unayajua zaidi yangu, maana unayapakia. Kampuni zikaja na kuondoka, mgodi ukafungwa na kufunguliwa, katika miaka ya 1950 maji yakaufurikia chini kwa chini. Kampuni ya First Quantum wameuchukua mwaka 2001, mashine zikaanza uzalishaji mkubwa mwaka 2005, na serikali ya Zambia ina asilimia 20 kupitia shirika lake. Lile shimo unalosema ukisimama ukingoni malori yanaonekana kama sisimizi, ndani yake mitaro ya wazee imeliwa yote. Kwa hiyo kijana wa getini simlaumu sana. Hana cha kuonyeshwa.

Neno lenyewe "sufuria" limetoka kwenye jina la shaba kwa Kiarabu. Na jirani, Kongo, Mobutu aliubadilisha mkoa wa Katanga ukaitwa Shaba, kwa Kiswahili chetu hiki, kuanzia 1971 hadi 1997.

Ukirudi Solwezi, nunua mahindi kwa yule mzee, usiombe punguzo, umuulize babu zake walikuwa wanaanza kuchimba mwezi gani. Mimi nimesoma "kiangazi" tu. Na uniletee kijiwe kimoja cha kijani nikiweke karibu na sufuria. Cha barabarani, si cha ndani ya geti. Sitaki kupigiwa simu kuwa umekamatwa na madini.

Mkeo anasalimu. Mtoto ameota jino la pili.

Mama yako