Jibu: Pampu inafurisha tangi usiku, plagi ya Wi-Fi haishiki

Waalaykum salaam ndugu yangu wa Chake. Nilivyokuelewa: maji huja usiku, pampu inayapandisha kutoka tangi la chini hadi la juu, mkilala linafurika mpaka kwa jirani. Umenunua plagi ya Wi-Fi uizime kwa simu, nayo haishiki mtandao.

Anza na ruta. Ruta nyingi hurusha Wi-Fi kwa masafa mawili, 2.4 GHz na 5 GHz, na plagi nyingi za aina hiyo hupokea 2.4 GHz tu. Ruta ikichanganya 2.4 na 5 GHz kwa jina moja, mara nyingi kuunganisha kunagoma. Yape majina tofauti, kisha jaribu tena.

Lakini hata ikishika, usiiachie tangi, nakuomba sana. Umeme ukikatika na kurudi saa nane usiku, plagi nyingine hujiwasha zenyewe kabla ruta haijaamka. Kwenye programu tafuta hali ya umeme unaporudi, weka izime. Kinachozuia kufurika ni swichi ya boya ndani ya tangi la juu: maji yakifika, inakata pampu bila intaneti yoyote. Kwangu boya ndilo linalofanya kazi, simu naangalizia tu. Weka na la pili tangi la chini, pampu isizunguke kavu ikaungua.

Hukutaja pampu yako ina nguvu gani. Mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake, na plagi ndogo huungua kwa ndani. Mwambie fundi afunge kontakta, yaani swichi nzito ya umeme inayobeba mzigo wa pampu, plagi iamshe hiyo tu. Boksi lizibwe vizuri, hewa ya chumvi inakula shaba haraka.