Maswali ya Wasomaji: Taka za Kisiwani na Boti Inayorudi Tupu

SWALI: Ninasimamia hoteli ya vyumba 12 katika kisiwa kimoja cha Ghuba ya Mwanza, mwendo wa dakika 40 kwa boti kutoka mjini. Taka tunazichoma shimoni nyuma ya jiko, na wageni wamechoka na moshi. Tajiri wangu anataka kujenga tanuri la matofali, kisha kununua boti ya pili. Je, tuanze na lipi?
Msimamizi, Mwanza

JIBU: Ndugu msimamizi, nisingeanza na lolote kati ya hayo mawili. Ili plastiki iteketee bila kuacha moshi wenye sumu, moto hutakiwa kufikia nyuzi joto 850 na zaidi, na kudumu hapo. Tanuri la matofali linalowashwa kwa kuni na makaratasi halifiki huko. Moshi mtakuwa mmeuhamisha kutoka shimoni hadi kwenye bomba, na upepo wa ziwani ukianza kuvuma alasiri utawarudishia vyumbani.

Nadhani jibu mnalo tayari, limefungwa kwenye gati lenu. Boti inayoleta vyakula, vinywaji na gesi hurudi mjini ikiwa karibu tupu, nanyi mnalipia petroli ileile. Tazameni kreti za soda: hakuna anayefikiria kuchoma chupa ya kioo, kwa sababu ina amana yake dukani, hivyo hurudi yenyewe bila kusimamiwa na mtu. Maji ya kunywa nayo yafuate njia hiyo. Wageni 24 wakinywa chupa mbili kila mmoja kwa siku, mna chupa 336 kwa wiki, ilhali madumu ya lita 18.9 hurudishwa kujazwa na hayaachi taka yoyote kisiwani. Kinachobaki, yaani makopo, vioo na plastiki chache, kikaushwe na kutiwa kwenye viroba vilivyofungwa mdomo, kisha kikabidhiwe kwa wanunuzi wa chupa na vyuma chakavu mjini. Mifuko ya plastiki isiwasumbue sana, kwani imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Mwambieni tu muuza mboga asiwafungashie kinyemela.

Maganda na makombo yabaki kisiwani yawe mboji, lakini ndani ya sanduku lenye kifuniko kizito, la sivyo tumbili na kenge watakuwa wageni wenu wa kudumu. Matumbo ya samaki yafukiwe humo humo katikati ya majani makavu, yasitupwe gatini.

Boti yenyewe pia huchafua. Injini ya mipigo miwili huchoma oili pamoja na petroli, na sehemu yake hutoka bila kuungua na kuingia majini. Siku ya kuibadilisha ikifika, chukueni ya mipigo minne. Muulizeni nahodha huikumba wapi ngama, yaani maji machafu yanayojikusanya chini ndani ya boti. Nimemwona mmoja mwaloni Kirumba akiyamwaga kwa kopo maji meusi yenye utando wa rangi za upinde wa mvua, hatua chache kutoka kwa mama aliyekuwa akiosha dagaa. Kitambaa cha kunyonya oili, pamoja na dumu la kurudishia oili chafu gereji, vingetosha.

Sasa niseme jambo ambalo hukuliuliza, nami naliona kubwa kuliko taka zote za jikoni: vyoo. Visiwa vya ghuba yetu vingi ni miamba ya matale (graniti) yenye udongo haba, hivyo maji ya shimo la kunyonya hupita kwenye nyufa na kufika ziwani kabla udongo haujayachuja. Mji wa Mwanza hunywa maji ya ziwa hilohilo, na virutubisho vya maji taka ndivyo vinavyonenepesha magugumaji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Pimeni kwa kamba kabla ya kuchimba chochote.

Kwa hiyo tajiri akiuliza fedha za boti ya pili ziende wapi, mpeleke kwenye karo, yaani tangi la chini ya ardhi la kupokea maji taka ya vyoo. Lizibwe lisivuje, na maji yatokayo humo yapitishwe kwenye bustani ya matete iliyotandikwa kokoto. Kazi hiyo ifanyike kiangazi, kwa sababu masika ikianza mwezi Machi shimo likiwa wazi, mvua ya kwanza tu italifurisha.