Jibu: FTP inaruhusu kuingia, orodha ya faili haitokei

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, wageni wanaingia kwenye seva yako ya FTP (njia ya kuhamisha faili mtandaoni) kwa jina la anonymous, yaani bila akaunti, bila shida, ila wakiomba orodha ya faili inaganda mpaka muda unaisha. Mimi ilinila wikendi nzima.

Anza na fayawoli (kinga inayozuia miunganisho ya mtandao). FTP ina njia mbili: amri hupita poti (mlango wa mtandao wenye namba) 21, lakini orodha na faili zenyewe hupita poti nyingine, ambayo katika hali ya passive (mgeni ndiye anayefungua njia hiyo ya pili) seva hujichagulia. Umefungua 21 tu, sivyo? Kwenye vsftpd (programu ya seva ya FTP) weka pasv_min_port=40000 na pasv_max_port=40050, kisha fungua poti hizo hizo. Seva ikiwa nyuma ya ruta, ongeza pasv_address yenye IP ya nje, la sivyo mgeni anapewa anwani ya ndani asiyoweza kuifikia.

Ningekuwa wewe, faili za kusoma tu ningezitoa kwa rsync (programu ya kunakili faili kati ya mashine): poti moja, 873, na mtandao ukikatika (si unaujua wetu) ukirudia amri, zilizokwisha kufika hazivutwi tena. Wanaotumia kivinjari wape HTTP (njia ya kurasa za wavuti), maana FTP haipo tena humo. Chrome na Firefox ziliondoa FTP mwaka 2021.