Antalya kwa pesa ya zabibu

Mbukwenyi!

Tangu niweke stetasi zile picha za safari yetu ya Antalya, mji wa pwani Uturuki, simu yangu haijapumua. Wengi wanazunguka, "hongera mwaya, umependeza", lakini dada mmoja wa Ilazo, hapa Dodoma, hakuzunguka: "Dada, mmeuza kiwanja? Na kama hamjauza, mimi nianzie wapi?"

Hatujauza kiwanja. Tumeuza zabibu, misimu mitatu, ekari mbili za Mpunguzi, na kila tukiuza tulikuwa tunatoa fungu letu kabla ya mtu yeyote kujua mzigo umelipwa. Hapo penyewe ndipo pa kuanzia, lakini ngoja kwanza nitoe lililonikaa rohoni.

Mwaka 2023 tulijaribu kusafiri tukapigwa. Kijana mmoja, wakala, ofisi ina kapeti na maua ya plastiki, alichukua 2,400,000 akasema ni ya viza na hoteli. Wiki mbili za kwanza alikuwa anapokea simu kabla haijaita. Mwezi wa pili mtandao ukawa unamsumbua. Mwezi wa tatu namba haipatikani. Pesa inauma, sikatai, ila kilichoniumiza zaidi ni wifi yangu, siku ya kipaimara, mbele ya sahani za pilau: "Kwani bahari haipo Dar? Mnakimbilia wapi?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilipofika nyumbani sikulala.

Basi mara ya pili hatukumpa mtu pesa. Fomu tulijaza wenyewe usiku, watoto wakishalala. Hoteli tulichagua ile inayokubali kulipwa ukifika, kwa hiyo hata viza ingegoma tusingepoteza kitu. Makaratasi tuliyapeleka Dar wenyewe: treni ya SGR alfajiri, jioni ile ile tuko Dodoma. Kitu kimoja nakusisitizia, stetimenti ya benki. Usikope milioni kumi kwa shemeji uitupie kwenye akaunti wiki moja kabla ya kuomba. Anayesoma ile karatasi si mtoto. Pesa iingie kidogo kidogo, miezi na miezi, ifanane na maisha yako.

Ya ndege siyaelezi, tulilala mpaka Istanbul. Kutoka hapo Antalya ni kama saa moja na robo.

Sasa kosa letu. Tulikwenda Julai. Agosti mavuno yanaanza, na kila tulipotafuta "likizo ya kiangazi" tulikuta Julai. Tulitoka Dodoma kwenye kipupwe, tumevaa masweta, upepo unapeperusha vumbi stendi. Mlango wa ndege kule ulipofunguliwa nikadhani nimesimama nyuma ya injini. Nyuzi 38! Sisi watu wa Dodoma tunajisifia jua, lakini jua letu ni kavu, ukikaa chini ya mti umepona. Lile lina unyevu wa bahari, linakufuata mpaka kivulini. Siku ya kwanza tulitoka kutembea saa saba mchana kama vichaa, peke yetu barabarani na paka. Wenyeji walikuwa ndani.

Siku ya tatu ndipo tukapata akili. Saa moja asubuhi baharini, saa tano ndani, jioni tena nje. Na jioni ya kule ni ndefu! Saa mbili usiku jua bado linaonekana. Baba watoto akawa anagonga saa yake ya mkononi, anadhani imekufa. Haikufa wala hakuhitaji kuibadilisha, maana Uturuki na sisi saa zetu ni zile zile. Uchovu wa kupishana kwa saa hatukuujua.

Ushauri wangu: kama huna shamba linalokusubiri, nenda mwishoni mwa Mei, au Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba. Mvua za kule huja wakati wa baridi, kiangazi ni kikavu, na bahari iliyopashwa moto miezi yote hiyo haipoi haraka. Wenye watoto, shule zikifungwa tu mwanzoni mwa Juni, ondokeni. Msingoje Julai. Narudia, msingoje Julai.

Ufukwe nao usome kabla hujalipa. Mimi kichwani nilikuwa na mchanga. Konyaaltı, ufukwe mkubwa wa mjini, ni kokoto, za mviringo, nzuri kwenye picha, zina moto. Nilizivuka narukaruka kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto, huku bibi mmoja wa Kituruki ananionyesha viatu vyake vya mpira. Yeboyebo! Nimeacha yeboyebo Mpunguzi, nikaenda kununua nyingine Antalya kwa bei ya kilo ya nyama. Mchanga uko upande wa Lara, kwenye yale mahoteli makubwa unayolipia kila kitu mara moja, chakula na vinywaji. Sisi tulilala Kaleiçi, mji wa zamani, vichochoro kama vya Mji Mkongwe, nyumba za mbao, na lango la mawe lililojengwa kwa ajili ya ujio wa mfalme wa Roma, Hadrian, mwaka 130. Ni kuzuri, ila begi la magurudumu kwenye mawe yale linapiga kelele mtaa mzima unajua mmefika.

Na maji yale hayapwi. Nilikaa nikingoja bahari irudi nyuma kama Dar, haikurudi.

Asubuhi moja mezani wakaleta zabibu nyeusi. Baba watoto akachukua moja, akaiminya, akaionja, akatema mbegu kiganjani akaichunguza. "Ngozi ngumu," akasema. Mtu amesafiri siku nzima kuja kukagua zabibu.

Tulitumia kama 8,600,000 kwa watu wawili, kila kitu. Najua mtasema ni nyingi. Wapendwa, mwaka jana mmechangia harusi ngapi? Kamati ngapi, kadi ngapi za laki, vitenge vya sare ngapi mlivyovaa mara moja? Sisemi msichange, mimi pia ni mwanakamati. Nasema tunajua kujinyima kwa ajili ya sherehe ya jirani, lakini tukiambiwa tujinyime kwa ajili yetu tunaona dhambi. Ndoa yetu ina miaka kumi na nne, na hatukuwahi kukaa wiki nzima bila mgeni sebuleni.

Dada wa Ilazo, anza na pasipoti. Ni 150,000, unajaza mtandaoni, unapewa kontrol namba, unalipa. Usimpe mtu "akusaidie". Ukiipata niandikie tena, tuongelee stetimenti.

Wifi yangu ameshapiga picha ya pasipoti. Hajaniambia yeye, nimeambiwa na mpiga picha.